Boksi Tupu Lina Mwenyewe

Mgeni anayepita Kariakoo asubuhi, wakati maduka ya jumla yanafungua mizigo, anaweza kudhani maboksi ni takataka. Yamerundikwa milangoni, yamezagaa ngazini, mengine yanakanyagwa na wapagazi wanaopishana wakipiga mluzi. Hebu ainame aokote moja. Hajanyooka vizuri atasikia sauti ya mtu asiyemwona: "Bosi, hilo lina mwenyewe."

Na kweli linaye. Huenda ni kijana wa dukani, ambaye tajiri wake amemwachia maboksi yawe hela yake ya chai. Huenda ni mama wa mbogamboga aliyeahidiwa tangu jana, apate pa kupanga mafungu yake ya mchicha. Fundi magari analitaka alale chali chini ya gari bila kuchafua shati. Mlinzi analitaka kwa ajili ya usiku. Mama ntilie anachana kipande cha kupepea mkaa, mfugaji anazungushia vifaranga wasipigwe na baridi, mmachinga anapindua mawili, anaweka ubao juu, tayari ana meza ya biashara. Likishachoka kabisa anapita mwokotaji na mkokoteni wake, analikanyaga likae bapa, analifunga pamoja na mengine na kwenda kuliuza kwa kilo. Kutoka hapo linashindiliwa robota na kurudi kiwandani kuwa karatasi upya.

Anayehama nyumba, basi, hashindani na gari la taka. Anashindana na watu wenye shida zao na boksi hilohilo, tena watu wanaojua saa linapotoka dukani. La bure lipo na la bei rahisi lipo, ila yote mawili huenda kwa mtu anayefahamika na aliyewahi.

Kuwahi si kazi ngumu. Dar es Salaam kodi hulipwa kwa mkupuo, miezi mitatu, sita, hata mwaka, kwa hiyo siku ya kuhama mara nyingi huonekana ikija kwa mbali. Hata hivyo wengi wetu tunakumbuka maboksi kirikuu ya mizigo ikiwa imeshapaki mlangoni na dereva anapiga honi. Hapo ndipo sahani zinafungwa kwenye shuka, bilauri zinatumbukizwa kwenye ndoo pamoja na mchi, na vyeti vya shule vinasukumwa chini ya godoro kwa muda tu, mpaka vije kutafutwa siku ya usaili. Hasara ya namna hiyo hakuna anayeijumlisha, kwa sababu inagunduliwa kidogo kidogo wiki nzima: leo kifuniko cha hotpoti, kesho waya wa king'amuzi.

Kabla ya kuanza kusaka, punguza hesabu. Nguo hazihitaji boksi. Zina mabegi, zina viroba vya sandarusi, zina mifuko ile mikubwa ya mistari tunayoiita shangazi kaja, ambayo mtu mmoja anaishika mkono mmoja na mwingine mkono wa pili. Mashuka na mapazia yatumike kuvingirishia vioo na redio. Sufuria zinaingiliana zenyewe, na ndoo yenye mfuniko ni bora kuliko boksi lolote kwa unga, mchele na chupa za mafuta. Kinachobaki ni vyombo vinavyovunjika, vitabu na makaratasi, vifaa vya umeme, na vile vidude vya jikoni ambavyo hakuna anayejua vimetoka wapi. Kwa familia ndogo ya chumba na sebule, makadirio yangu ni maboksi 10 hadi 15. Anayeambiwa akusanye 40 ameambiwa na mtu mwenye nyumba ya ghorofa.

Mahali pa kuanzia ni duka la mtaani kwako, kwa mangi. Boksi la mangi lina adui mmoja, nacho ni kisu. Ukimtazama anavyopokea mzigo utaelewa. Katoni ya biskuti inawekwa juu ya kaunta, kisu kinapita kwenye tepu, halafu, kwa mkato mmoja wa haraka, upande wa mbele wote unaondolewa ili mteja aone biskuti bila kuuliza. Katoni ya sabuni inachanwa kona mbili. Ya tambi inapasuliwa katikati. Mpaka jioni, maboksi aliyonayo ni mengi na hakuna hata moja linaloweza kubeba kitu. Ndiyo maana ukienda kuomba siku hiyohiyo unapewa magofu.

Ombi linatakiwa litangulie kisu.

"Mangi, mzigo unashusha siku gani?"

"Jumanne na Ijumaa. Kwani vipi, dada?"

"Naomba maboksi, nahama mwisho wa mwezi. Usiyakate, nifungulie kwa juu tu."

"Wewe pita jioni jioni. Nitakuwekea kule nyuma."

Mazungumzo ya namna hii hayagharimu kitu, lakini yana masharti yake. Kwanza, nunua dukani kwake wakati unangoja. Pili, pita kweli jioni ulizoambiwa, maana nyuma ya duka hakuna nafasi na mwokotaji naye hupita. Tatu, kama una jina kwenye daftari la madeni, lipa kwanza. Kuomba maboksi ni kutangaza kuhama, na mangi si mtoto mdogo. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye nyumba: kama hujamwaga rasmi, usirundike makatoni kibarazani akayaona kabla hujafungua mdomo.

Baada ya mangi, nenda duka la dawa. Maboksi ya dawa ni safi, hayana mafuta, yapo ya ukubwa wa kila namna, na wahudumu wa famasi hawana tabia ya kuyachanachana kwa sababu dawa hupangwa kwenye rafu. Ila kisanduku kimoja usikiguse hata ukipewa bure, hata kikiwa kimebaki kitupu: kile cha manjano cha kutupia sindano. Kinaonekana kigumu na kizuri, na ndivyo kilivyokusudiwa kiwe, lakini kazi yake ni moja na ikiisha huchomwa. Vilevile yale maboksi yenye matundu ambayo vifaranga wa siku moja huuzwa ndani yake, mia kwa boksi, yaache kwa wafugaji. Harufu yake haitoki. Na boksi lililobeba viuatilifu, hata duka la pembejeo wakikuapia kwamba halikumwagikiwa, lisiingie jikoni kwako.

Kwa vitabu kuna boksi moja tu ninalolisifu bila kusita, nalo ni la karatasi za A4. Lipo kila duka la steshenari, kila ofisi, kila shule inayochapa mitihani. Rimu moja ya karatasi za gramu 80 ina karatasi 500 na uzito wa karibu kilo 2.5. Boksi linachukua rimu tano. Maana yake limetengenezwa kubeba kilo 12 na nusu, na kwa kuwa vitabu navyo ni karatasi, ukilijaza pomoni uzito hautazidi hapo kwa mengi. Mtu mmoja analibeba hadi ghorofa ya tatu bila kulaani ukoo wako. Mengi yake yana kifuniko cha kuvuliwa, hivyo hata tepu ni hiari. Pale Mwenge, na kuzunguka Chuo Kikuu, ambako mashine za fotokopi hazilali, muulize mwenye duka mwanzoni mwa wiki. Mwishoni mwa wiki wanafunzi watakuwa wameshayabeba kwa sababu hizohizo.

Kosa la kawaida ni kinyume chake: mtu anapata boksi kubwa la kikaango cha umeme au la televisheni, anafurahi, anamwaga humo kabati zima la vitabu. Linafungwa vizuri. Linapendeza. Wanaume wawili wanaliinua, na vitabu vinabaki sakafuni.

Kinacholibeba boksi ni mawimbi. Chana ukingo uone: karatasi mbili zimelala, na katikati yake nyingine imepindwapindwa, ikagandishwa kwa gundi ya wanga. Hayo mawimbi yakiwa yamesimama wima, hubeba uzito wa ajabu. Yakilazwa au yakilowa, hayabebi kitu. Sehemu kubwa ya mzigo inapokelewa na kona nne. Kwa hiyo kwenye kirikuu panga boksi juu ya boksi, kona juu ya kona. Vijana wa mizigo wanapenda kupishanisha, wakiamini ndivyo yanavyoshikana, kumbe wanaiweka kona ya boksi la juu katikati ya boksi la chini, mahali dhaifu kuliko pote. Wakatalie kwa upole.

Kulipima boksi la mitumba hakuhitaji maabara. Bonyeza kona kwa dole gumba. Ikirudi, chukua, ikibaki imebonyea, liache. Kisha tazama ukingo. Ukiona mstari mmoja wa mawimbi, hilo ni la kawaida. Ukiona mistari miwili, kama ilivyo kwa katoni nyingi kubwa zinazosafiri na viatu na vyombo kutoka China, hilo ligombanie. Chana na kipande kidogo. Karatasi iliyotokana na nyuzi ndefu za msonobari, kama ile inayotengenezwa Mgololo, Mufindi, kwa miti ya msitu wa Sao Hill, huchanika kwa kusitasita na kuacha manyoya. Iliyokwisha kurudishwa kiwandani mara nyingi huchanika upesi na kwa mkato safi, kwa kuwa nyuzi zake zimefupika kila ilipopondwa upya.

Halafu chini. Sisi tuna mtindo wa kuchomeka masikio manne ya boksi yapishane, moja chini ya jingine, na kuliita limefungwa. Kwa nepi na midoli, sawa. Kwa pasi, blenda na mitungi midogo, hapana. Tepu ya kahawia ipite kwenye mshono, ipande upande mmoja na mwingine, irudiwe mara ya pili. Kama hela ya tepu imekwisha, kamba ya katani iliyozungushwa chini kwa msalaba inafaa kuliko tepu nyembamba ya uwazi ya daftarini.

Vyombo vya kioo vina boksi lao: la mvinyo au konyagi, lile lenye vigawanyo ndani, chupa 12 kila moja chumbani kwake. Bia haitakusaidia, inakaa kwenye kreti za plastiki ambazo baa haikupi. Maji ya chupa nayo siku hizi mengi yanafungwa kwa nailoni. Lakini grosari yoyote inayouza vinywaji vikali ina maboksi haya, na glasi inaingia kwenye kigawanyo ikiwa imeviringishwa kwa gazeti. Si matumizi mapya. Karatasi ya mawimbi ilipewa hataza Uingereza mwaka 1856 kwa ajili ya bitana za kofia, na mwaka 1871, kule New York, Albert Jones akapata hataza ya kuitumia kufungia chupa na vioo vya taa. Ilianza na vitu vinavyovunjika, boksi lenyewe likafuata. Sahani, kwa upande wake, zisilazwe. Zisimame kwa ubavu, gazeti kati ya moja na nyingine; zikilazwa, ya chini inabeba zote, na shimo moja la barabarani linatosha.

Tatizo la boksi la konyagi ni la kijamii. Mtaa mpya hauna muda wa kukusoma sura, unasoma maboksi yako. Wazee wako kibarazani, watoto wamekaa ukutani, kirikuu inashusha, na kila mmoja anahesabu. Ukiwa mwalimu wa madrasa au mzee wa kanisa na yanapita sita ya konyagi mfululizo, maelezo kwamba ndani mna vikombe yatafika yamechelewa. Dawa yake ni ndogo: fungua mshono uliogundishwa wa boksi, ligeuze la ndani lije nje, ligundishe tena kwa tepu. Maandishi yanapotea na unapata ukuta mtupu wa kuandikia kwa maka peni. Andika chumba linakokwenda, jikoni au sebuleni, juu na ubavuni. Usiandike "laptop". Vijana wa mizigo wanajua kusoma.

Wageni wengine hawaombi ruhusa. Mende anapenda boksi kwa sababu mbili: ndani ya mawimbi mna vichochoro vinavyomtosha yeye na mayai yake, na gundi ya wanga anaila. Boksi lililokaa mwezi mzima kwenye stoo yenye giza na vyakula likiingia nyumba mpya, limeingia na familia. Kunguni naye hupanda, hasa kwenye maboksi yaliyolaliwa, kwa hiyo lile la mlinzi mwachie mlinzi. Unapokusanya, anika juani, yagongegonge, tazama mikunjo ya chini, kisha yakunje bapa na kuyasimamisha mahali pakavu, mbali na sakafu ya udongo, maana mchwa nao hawahitaji kualikwa. Na siku ya kufika yafungue na kuyatoa nje, usiyaweke chini ya kitanda kungoja nafasi.

Unyevu ndio unaoua mengi zaidi. Hewa ya pwani peke yake inalilegeza boksi, hata bila tone la mvua. Anayehama kati ya Machi na Mei, masika yakiwa yamechachamaa, atafute turubai kabla ya maboksi. Watumishi wa serikali waliofuata agizo la kuhamia Dodoma, lililotangazwa mwaka 2016, walikutana na unyevu na umbali kwa pamoja: zaidi ya kilomita 400 barabarani, mzigo ukitikisika, kutoka jiji lenye jasho hadi lenye vumbi. Kwa safari kama hiyo maboksi ya mangi hayatoshi. Hapo ni katoni za tabaka mbili, zijazwe mpaka juu, na nafasi ya hewa izibwe kwa mito na taulo, kwa sababu boksi lenye uwazi ndani hubonyea likilaliwa na jingine.

Hapo ndipo inapofika zamu ya kununua. Kariakoo wapo wanaokusanya katoni kubwa za madukani na kuziuza zikiwa zimekunjwa, na bei ni ya maelewano. Nenda mchana, vumbi la asubuhi likishatulia na kabla waokotaji hawajazipitia. Usianze kwa kuuliza bei ya moja. Uliza bei ya kumi, chagua mwenyewe, zikunjue mbele yake utazame chini, kisha punguza. Boksi moja la kawaida likitajiwa zaidi ya bei ya soda, endelea kutembea. Wa mbele atakuita. La tabaka mbili, lililo zima, lina haki ya kuzidi hapo. Maboksi mapya kutoka kwa watengenezaji ni mazuri, lakini kwa anayehama kutoka Sinza kwenda Kimara naona ni hela ya bure, labda kama kampuni yake ndiyo inayolipa.

Nairobi mambo yana sura nyingine. Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, baadhi ya supamaketi zilianza kuwafungia wateja bidhaa kwenye makatoni matupu, na kwa hiyo anayehama akajikuta anagombania na mwenye kununua unga na maziwa. Faida yake ni kwamba kila aliyefanya manunuzi makubwa ana katoni mbili tatu nyumbani, na majirani wa ploti moja wakiulizwa wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, hujaza mzigo.

Na ndugu zetu walioko London au Berlin wana neema ambayo sisi wenye migomba hatunayo: boksi la ndizi. Linabeba kilo 18 hivi, lina kifuniko kinacholifunika zima na matundu ya kushikia, na supamaketi nyingi huko hulitoa bure kwa aliyeuliza kwa adabu. Tundu kubwa la chini lizibwe kwa gazeti, basi. Limekuwepo tangu miaka ya 1960 hivi, pale ndizi aina ya Gros Michel zilipoangamizwa na ugonjwa wa Panama na wafanyabiashara wakahamia Cavendish, ambayo huchubuka upesi na haikuweza tena kusafirishwa kwa mikungu mitupu. Kwetu bado mkungu unasafiri kama ulivyokatwa. Ukienda Mahakama ya Ndizi pale Mabibo kutafuta boksi, utarudi na majani ya mgomba. Muuza maepo ndiye mwenye kitu cha kufanana nalo, yale maboksi magumu ya Afrika Kusini yenye matundu ubavuni, na akishamaliza maepo huwa hana pa kuyaweka.

Ukishahamia, mawili usiyatoe. Boksi la televisheni pamoja na yale mapovu yake meupe lipande juu ya kabati, maana hakuna jingine litakaloikaa televisheni hiyo vizuri, na mwenye nyumba mpya naye anaweza kupandisha kodi. La karatasi za A4 lenye vyeti na hati libaki na vyeti vyake, tayari kwa safari nyingine. Mengine mpe jirani anayehama mwezi ujao, au muuzie mwokotaji. Atakuja na mizani ya kuning'iniza. Mwambie aioneshe ikisoma sifuri kabla hajaanza kupima.